Gloriose wa "Mwaka Upi?"

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko shambani, na nyinyi mnaosubiri zamu kwenye mashine ya kusaga, habari za saa hizi. Leo tunamkumbuka Gloriose Niyigena. Narudia jina, maana wengi mtakuwa mmelisikia kwa namna nyingine: Gloriose Niyigena. Madereva wa bodaboda wa Bugene walimwita "Mwaka Upi". Akipita, walimpigia honi na kuita, "Mwaka Upi, twende Kayanga!" Naye alikuwa akipanda.

Gloriose alikuwa mhasibu wa shule. Alifariki Jumamosi iliyopita, akiwa na miaka arobaini na sita, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu.

Alifika huku kutoka ng'ambo ya mpaka, mgongoni kwa mama yake. Mama yake ni Mukashema, yuko hai, yuko Kimuli. Wakati ule Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe. Mama Mukashema hakuwa na ardhi. Alipalilia vibanja vya watu kwa miaka kumi na mitatu, kibanja kwa kibanja, mpaka akanunua cha kwake. Kibanja chenye migomba upande wa juu na mibuni upande wa chini. Naomba mkikumbuke kibanja hicho, maana habari yetu ya leo inakihusu.

Mama aliniambia hivi: "Gloriose alisoma kwa kahawa ya pale chini. Mwaka kahawa ikizaa, ada inalipwa mapema. Mwaka ikipumzika, anarudishwa nyumbani. Alijifunza mapema kwamba mbuni haufanani mwaka na mwaka."

Wasikilizaji wapendwa, mnaolima kahawa mnalijua hilo. Mbuni ukibeba sana msimu huu, msimu ujao unapumzika. Hakuna mkulima anayeutazama mbuni uliopumzika akasema umekufa. Lakini tukiacha shamba tukaingia kwenye hisa, tunasahau.

Zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita, wakulima wa Nyabiyonza na Kimuli waliunda kampuni ya kukoboa kahawa. Wakaiita Mwani Wetu. Wasikilizaji wa pwani wasicheke. Kwenu mwani ni wa baharini, kwetu ni kahawa. Kila mkulima alinunua hisa kwa uwezo wake. Gloriose naye alinunua, kwa mishahara yake ya kwanza kwanza.

Sasa sikilizeni. Mwanzoni mwa mwaka 2020 alikuja mnunuzi kutoka mbali. Alitaka hisa zote. Msimu uliotangulia ulikuwa mbaya: kahawa ilipumzika, na bei ilikuwa chini. Hisa moja iliingiza faida ya shilingi mia moja na hamsini tu. Mnunuzi akasema atatoa elfu moja na mia tano kwa kila hisa. Mjumbe wake alisimama kwenye ukumbi wa kanisa, akasema kwa sauti nzuri, "Ndugu zangu, tunawapa mara kumi ya faida. Mara kumi!"

Watu wakapiga makofi. Ndipo Gloriose akainua mkono kutoka nyuma.

"Samahani, mheshimiwa. Mara kumi ya mwaka upi?"

"Mwaka jana, dada."

"Na miaka mingine ilienda wapi?"

Watu walicheka. Mjumbe naye alicheka. Lakini mkutano uliahirishwa, kwa sababu wanahisa wachache walitaka kusikia jibu.

Gloriose alirudi Bugene kwenye chumba chake cha kupanga. Akachukua faida ya kampuni kwa miaka yote kumi. Akaijumlisha, akaigawa kwa kumi. Akapata wastani, akafurahi, akawatumia wanahisa. Ila alikuwa amekosea, na kosa lake alilijulia kwenye sherehe.

Binamu yake alikuwa anaagwa kwenda kuolewa, sherehe ilikuwa Kayanga. Gloriose alitoa bahasha yenye shilingi elfu ishirini. Ndicho kiasi alichotoa kwa dada wa binamu huyo, miaka mingi nyuma, na wakati ule alishangiliwa. Safari hii shangazi yake, Benadeta, aliifungua bahasha, akamvuta pembeni.

"Gloriose mwanangu, hizi ni shilingi za lini?"

"Si elfu ishirini, shangazi? Kama za dada yake."

"Za dada yake zilinunua mbuzi. Hizi zitanunua mbuzi gani? Labda mkia."

Shangazi Benadeta alinisimulia hayo akijifuta machozi, na sikujua ni ya kucheka au ya kulia. Alisema Gloriose aliganda pale, kisha akaongeza pesa kwenye bahasha, kisha akaondoka kabla ya keki. Shangazi alidhani amekasirika. Kumbe alikwenda kurekebisha hesabu.

Kosa lilikuwa hili. Faida ya miaka kumi nyuma ilipatikana kwa shilingi ya miaka kumi nyuma, ile iliyonunua mbuzi. Huwezi kuichanganya na shilingi ya leo kama vile ni kitu kimoja. Kwa hiyo alichukua takwimu za mfumuko wa bei. Kila mwaka akaugeuza kwanza uwe shilingi ya leo. Kisha ndipo akajumlisha, ndipo akagawa kwa kumi. Narudia, kwa faida ya anayeandika: kwanza geuza kila mwaka uwe shilingi ya leo, kisha tafuta wastani wa miaka kumi. Wastani ukaja shilingi mia nne kwa hisa. Si mia moja na hamsini. Mia nne.

Mkutano wa pili, alianza kwa kusema mbele ya watu wote, "Hesabu niliyowapa wiki ile nilikosea. Nilisahau kwamba shilingi inapungua nguvu." Halafu akaeleza. Mnunuzi anasema anatoa mara kumi. Kwa faida ya kawaida ya kampuni hii, anatoa chini ya mara nne.

Ukumbi ulikuwa bado na mashaka. Hesabu ni hesabu, na pesa taslimu ilikuwa pale mlangoni. Basi Gloriose akasema neno moja.

"Hii ni butura."

Kwa mgeni wa mkoa huu, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini. Una shida, mtoto anaumwa, anakuja mwenye pesa, anakuhesabia maua kwa bei ya kutupa, na msimu wa kuvuna anakuja na magunia yake kwenye shamba lako. Karibu kila familia ina mtu aliyeumizwa na butura. Gloriose akaendelea: "Mnauza ua. Mmeona mwaka mmoja wa kupumzika, mnauza mti mzima kwa bei ya ua."

Hawakuuza. Siku ile walimbeba juu juu mpaka barabarani, na jina la Mwaka Upi likaanzia hapo.

Wasikilizaji wapendwa, ningeweza kuishia hapa na ingekuwa habari ya furaha. Lakini Gloriose hakupimwa siku ile. Siku ile hesabu yake ilikuwa inapendwa. Alipimwa miaka minne baadaye.

Mnakumbuka kahawa ilivyopanda. Tulijenga, tulinunua pikipiki, tuliezeka. Mwani Wetu ilipata faida ambayo haijawahi kuipata: shilingi elfu moja na mia tatu kwa hisa. Kila mtu akataka hisa. Bei ikafika elfu kumi na tatu. Na watu wakasema nini? Wakasema yale yale: "Ni mara kumi tu ya faida. Rahisi!"

Gloriose alikuwa ameshaanza kuumwa. Miguu inavimba, anatembea akipumzika. Alikwenda mkutanoni hivyo hivyo. Alikuwa amerudia hesabu ile ile, miaka kumi, shilingi ya leo. Wastani sasa ulikuwa mia tano. Elfu kumi na tatu kwa mia tano ni mara ishirini na sita. Mara ishirini na sita, si mara kumi. Aliwaambia, "Mwaka huu ndio mbuni umebeba. Msinunue kama vile utabeba hivi kila mwaka."

Safari hii hawakumbeba. Mwanahisa mmoja, Polikarpi, mtu wa utani, alisimama.

"Dada Gloriose, mwaka ule ulitukataza kuuza. Leo unatukataza kununua. Sasa unataka tuzifanyie nini hizi hisa, tuzitazame?"

"Ndiyo, kaka Polikarpi. Tuzitazame, tukapalilie."

"Na hii nayo ina jina? Ile ilikuwa butura. Hii je?"

Gloriose alifikiri kidogo. "Hii haina jina," akasema. "Ndiyo maana inatupata."

"Basi niuzie zako!"

"Nimeshakuambia ni ghali. Bado unazitaka?"

"Nazitaka."

"Watu wote wamesikia?"

Alimuuzia nusu ya hisa zake hapo hapo. Alikuwa anahitaji pesa za matibabu. Wengine walimzomea, wakasema anaharibu jina la kampuni kwa wivu. Nusu iliyobaki alibaki nayo.

Sasa turudi kwenye kibanja. Gloriose ana mdogo wake, Aimable. Aimable ndiye anayekaa na mama Kimuli. Baada ya mkutano ule, Aimable alipata wazo: kuuza kibanja chote, kununua hisa, na kumhamishia mama kwenye chumba Kayanga. Mnunuzi wa ardhi alishapatikana. Mama alikuwa amekubali, kwa sababu ni mama. Ilibaki dada mkubwa.

Aimable alikwenda Bugene. Yeye mwenyewe amenikubalia niyaseme haya.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kuniona, au umekuja kukiaga kibanja?"

"Umeshasikia."

"Bodaboda wanajua kabla yako."

"Dada, ni mara kumi tu. Miaka kumi pesa imerudi, na—"

"Ya mwaka upi, Aimable?"

"Usinifanyie hivyo. Mimi si mkutano."

Alikasirika. Alimwambia dada yake kwamba ana mshahara, hajui jembe linavyouma, na kwamba hesabu zake ni za mtu anayeogopa. Gloriose hakubishana na hayo. Alimwambia tu, "Sisemi bei itashuka kesho. Inaweza kupanda. Nasema kwa bei hii utangoja miaka ishirini na sita ya kahawa pesa yako irudi, na utailipa kwa miaka kumi na mitatu ya mgongo wa mama. Kapige hesabu mwenyewe. Ukipata jibu tofauti na langu, uza, sitakuzuia."

Na kweli bei ilipanda. Ilifika elfu kumi na tano. Watu wa Kimuli walimcheka Aimable, kwamba dada yake amemnyima utajiri. Miezi miwili hakumpigia dada yake simu.

Halafu Gloriose akalazwa. Aimable alikwenda. Alimkuta amekonda, mirija mkononi. Kitu cha kwanza alichosema Gloriose hakikuwa salamu.

"Umeuza?"

"Sijauza."

"Kwa nini?"

"Nilikwenda ofisi ya kampuni, nikaomba faida za miaka yote kumi. Nikapiga hesabu kwenye simu. Nikarudia, nikarudia. Napata thelathini."

Gloriose akacheka mpaka muuguzi akaja. "Umechelewa," alimwambia. "Mimi nilikuambia ikiwa ishirini na sita."

Hayo ndiyo mazungumzo yao marefu ya mwisho.

Wasikilizaji wapendwa, sitaki kuwadanganya. Wiki hii hisa ya Mwani Wetu ni elfu kumi na tano. Haijashuka. Huenda ikashuka msimu kahawa ikipumzika, huenda ikachukua muda. Nilimuuliza Polikarpi msibani kama anajuta. Akasema, "Sijui kama nilinunua ghali. Najua niliambiwa. Ni watu wangapi wanaokuuzia kitu huku wakikuambia ni ghali?" Kisha utani ukamwishia.

Gloriose alizikwa Jumanne, Kimuli, kwenye kibanja cha mama yake, pale migomba inapokutana na mibuni. Familia hiyo haikuwa na kaburi lolote katika nchi hii. Hilo ndilo la kwanza. Wakati watu wanatawanyika, nilimsikia Aimable akimwambia mama yake taratibu, "Mama, ningekuwa nimeuza, tungemzika wapi?" Mama Mukashema aliinama. Aling'oa gugu moja lililoota karibu na udongo mpya, akalitupa.

Mama Mukashema, kaka Aimable, shangazi Benadeta, na walimu na wanafunzi aliowahudumia, poleni sana. Tuko pamoja nanyi, na Mungu awatie nguvu.

Na kwako unayenisikiliza. Mkutano wa wanahisa ni mwezi ujao. Najua wako watu Kyerwa na Karagwe ambao usiku wa leo wanajadili kuuza ng'ombe, au shamba, wanunue hisa. Mimi si wa kuwaambia mfanye nini. Nawaomba jambo moja tu. Kaeni wote wa nyumbani, baba, mama, na watoto wanaojua kugawanya. Igeuzeni miaka yote kumi iwe shilingi ya leo. Jumlisheni, gaweni. Fanyeni hivyo kabla mwenye kutaka ardhi hajaanza kuhesabu migomba yenu.