Shingo ya Mzee Rehani na Kisu Kilichorudi Mkobani

Mheshimiwa Akida, Bwana Daktari, majumbe wa Mkuyuni, akina mama na akina baba mliokuja kumchukua mzee wenu: anayesimama mbele yenu ni Mikidadi bin Kibwana, na kutoka hospitali hii ya Morogoro mpaka pwani hakuna mkono ulioponya watu wengi kuliko huu wangu. Daktari alinisaidia, sikatai. Shule niliiacha darasa la pili kwa sababu mwalimu alikuwa ananirudisha nyuma.

Leo tunamuaga Mzee Rehani arudi kwake, mwezi wa tatu tangu ateleze huko mlimani na mkungu wa ndizi kichwani. Hebu niwaulize: mtu wa miaka sabini na kitu anabebaje mkungu mzima kwenye mteremko wenye matope, na wajukuu anao? Mkungu ulifika chini salama. Shingo haikufika.

Bwana Daktari aliipapasa, akaniambia nimfasirie Bi Chausiku, mke wa mzee: mfupa umevunjika juu kabisa, pale kichwa kinapokaa. Ama apasuliwe kisogoni, mfupa ufungwe kwa waya wa fedha, ama alale chali wiki nane, kichwa katikati ya mifuko ya mchanga, asitikisike.

"Akipewa hiyo dawa ya usingizi, ataamka?" mama aliuliza.

"Angekuwa kijana ningesema ndiyo. Moyo wa mzee siwezi kuusemea. Na hata akiamka, kidonda chaweza kuoza, au kisu kikagusa uti wa mgongo, asiinue tena hata kidole."

"Na akilala tu?"

"Mapafu yaweza kujaa. Itabidi ageuzwe kila siku na watu wanne, mmoja kashika kichwa."

"Basi kisu chako kirudi mkobani, Bwana."

Kikarudi. Ni wangapi wenye kisu kikali namna ile wangekubali kukirudisha? Bwana Daktari, nakusifu kwa kazi ambayo hukuifanya, ingawa Kiswahili chako bado kinanihitaji.

Shida ilikuwa ninyi. Kila aliyeingia, "Shikamoo, babu!" Naye babu, kwa adabu zake, anataka kuinamisha kichwa aitikie. Heshima zenu nusura zimuue! Nikasimama mlangoni: "Isalimieni miguu, ndiyo iliyo huru." Mpwa wake Abasi akaisalimia kweli, na kidole gumba kikaitikia.

Sasa mzee anakaa, anatembea, ananitukana. Kasoro ni mkono wa kushoto, usioshika tena ukili, na nani hapa hana kikapu alichosuka yeye? Mnasema ni kule kuanguka. Daktari naye ameandika hivyo.

Nilitaka niwashukuru kwa kunivumilia, kisha niketi. Nawashukuru. Lakini siku ile Daktari alipokwenda Turiani, wenzangu watatu walikawia, mzee anakohoa, nikasema mimi natosha. Nilimgeuza peke yangu. Mwili ulitangulia, kichwa kikabaki nyuma. Akaniambia, "Mikidadi, vidole vimekufa ganzi." Nikamjibu ni kulala sana.

Mzee wangu, mkono huo ulikuja hapa mzima. Ni mimi.