Verna Koskela Anaiaga Wodi ya Watoto

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi ya afya ya akili ya watoto na vijana hapa Duluth, muuguzi Verna Koskela anastaafu. Aliomba pasiwe na keki. Keki ipo.

Alihamia kwetu kutoka wodi ya wazazi, akidhani atakaa miezi sita. Sisi aliotufundisha tulijifunza kwanza kuketi sakafuni, maana mtoto anayepiga mlango mateke hatulii akizungukwa na watu wazima waliosimama.

Majira fulani ya baridi tulimpokea binti wa miaka kumi na mitatu, nitakayemwita Tessa. Alikuwa ameanzishiwa dawa ya sonona. Halali, hakai, anazunguka korido akilia na kutukana, na siku ya pili alimng'ata mlinzi. Vitanda vilijaa, nasi tulikuwa hoi. Daktari Brandvold aliamua kuongeza dozi.

Verna alimuuliza mama yake Tessa hali hiyo ilianza lini.

"Wiki moja baada ya vidonge," mama alisema. "Nilidhani ni mimi ninayemkera."

Verna akaenda kwa daktari.

"Daktari, kabla hatujaongeza, tuangalie tarehe: ya kuanza dawa na ya kuanza vurugu hizi."

"Verna, umeunganisha zamu mbili. Umechoka."

"Nimechoka kweli. Lakini tarehe hazijachoka."

Daktari aliketi akazisoma. Alisimamisha dawa ile, akauliza habari za ukoo, akasikia kuhusu shangazi ambaye furaha na huzuni zake zilikuwa zikipanda na kushuka kupita kiasi. Dawa ya sonona huweza kuuchochea ugonjwa wa aina hiyo, kwa hiyo matibabu yakabadilishwa. Wiki ya tatu Tessa alilala usiku kucha, akaamka akaomba kitana.

Alilazwa tena mara mbili miaka iliyofuata. Verna alimpokea kila mara kwa maneno yaleyale: "Afadhali umekuja." Leo Tessa ni mtu mzima, anafundisha kuogelea, anameza dawa zake na kuzilalamikia.

Si wote waliofika huko. Kwenye mazishi ya waliotutoka Verna aliketi safu ya nyuma, na Jumatatu akarudi kazini.

Juzi nilimuuliza kama ataikumbuka wodi.

"Watoto, ndiyo," alisema. "Wodi, niache kwanza nipumzike, mdogo wangu."

Asante, Dada Verna, kwa miaka yote hiyo. Tunakutakia asubuhi nyingi ambazo hakuna anayekuhitaji, na usingizi usiokatishwa na simu yetu.