Neno Aliloambiwa Musallam Bondeni

Kwa miaka tisa, nyumbani kwetu Ibra, Omani, hakukusikika kidole kikigonga meza. Zamani kaka yangu, Nadhir bin Marhun, alijifunza hivyo maneno marefu ya Kiholanzi, yale yaliyoungwa kwa maneno mawili matatu. Aliyakata kwa penseli, akayatamka kipande kwa kipande, akagonga pale sauti inapokazwa, mara nyingi mwanzoni.

Alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 12 Aprili 1941, akasoma huko mpaka darasa la kumi. Mwaka 1964 alikimbilia Rotterdam, akapata kazi bandarini. Wenzake huko walimcheka kwa kukaza sauti pasipo mahali pake, akaapa hawatamcheka tena.

Alifika Ibra mwaka 1973. Miaka miwili baadaye aliajiriwa na Waholanzi waliochimba visima karibu na Mudhaibi, akashika redio ya ofisini. Mwaka 1976 alimwoa Fawziya, aliyekuwa akimtania, "Bwana wee, maneno ya watu unayakata kama halua!" Walijaaliwa binti, Badriya.

Adhuhuri ya tarehe 9 Machi 1979 zilikuja habari kwamba wadi, ule mto mkavu, imejaa huko juu, na maji yanateremka. Kambi ya wachimba visima ilikuwa bondeni, mbali na ofisi. Nadhir alishika redio, akasema: hoog-wa-ter-ge-vaar, akikaza "hoog". Maana yake hatari ya mafuriko. Waholanzi walikuwa wamekwenda Sinaw. Aliyejibu ni mlinzi, Musallam bin Sleyum, mwenzetu aliyekulia Pemba, asiyejua Kiholanzi.

"Zen, zen, vizuri! Leo umekuwa Mholanzi kweli, Nadhir!"

Kaka aliitambua sauti, na hofu ikamshika ulimi. Alirudia neno lile lile mara tatu, bila kosa hata moja. Kiswahili hakikuja, wala Kiarabu. Musallam alicheka. Kisha redio ikanyamaza. Alipatikana siku ya pili, amekufa maji.

Tangu hapo marehemu kaka yangu aliogopa mvua, na zaidi aliogopa kupita mlangoni kwa Mzee Sleyum, baba yake Musallam. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 1985. Wiki iliyopita aliniambia, "Harub, usiniombee msamaha wa juu juu. Sema nilichofanya. Naogopa kwenda nacho." Alifariki leo alfajiri, tarehe 3 Novemba 1988.

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee Sleyum. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza alichoniagiza kaka. Kisha akasema, "Soma yote, mbele za watu. Nitakujibu makaburini."

Ameacha mjane, Fawziya, binti yake, Badriya, na mimi mdogo wake. Mwenye haki yake kwa Nadhir, tunamwomba amsamehe. Mzee Sleyum, tunakusubiri wewe kwanza. Mola amrehemu.

Tumeshamzika: Nadhir yumo humu, chini ya mawe mawili, upande wa magharibi wa makaburi ya Ibra.