Sentensi Aliyoikata Mdogo Wangu

Mwezi wa tatu mwaka 2004 nilimpoteza mdogo wangu, akiwa amebakiza sura moja ya tasnifu yake ya chuo kikuu. Nikapoteza na uwezo wa kusema. Mwaka na nusu, ndugu zangu wa kikundi hiki cha wafiwa, nilipima maharage sokoni hapa Tunduma bila kumjibu mteja zaidi ya bei.

Mimi niliishia darasa la saba. Masomo yake alinieleza mwenyewe, tukichambua maharage. Alisema wako wasomi wa Ufaransa waliofundisha kwamba maneno ya kitabu humponyoka aliyeyaandika, yakasema hata alichotaka kukificha. Wasomi wa nchi zilizotawaliwa wakaichukua fikra hiyo, wakavisoma upya vitabu vya Wazungu, wakiwatafuta walionyamazishwa humo. Yeye alisoma kitabu cha msafiri aliyepita huku kwetu na wapagazi, hakuna hata mmoja mwenye jina.

Nikamtania, "Hao Wafaransa kijijini kwetu Msangano wamefika lini?"

"Hawajafika, dada. Ndiyo maana nawabebea mizigo."

Tukacheka. Kisha akanisomea ukurasa alioandika juu yangu, akinigeuzia Kiingereza chake kwa Kiswahili: mwanamke wa mpakani ambaye, kama wapagazi wale, hana sauti.

Nawaambia ukweli, niliumia. "Sauti ninayo," nikamwambia. "Hukuniuliza. Una tofauti gani na huyo Mzungu wako?"

Akakunja karatasi zake. Asubuhi alirudi chuoni, sikumsindikiza kituoni. Wiki tatu baadaye, akija huku bila kutuambia sababu, basi lao likapinduka.

Msibani waliniomba nimzungumzie marehemu. Nilishindwa. Nikimsemea, si namfanyia lile nililomlaumu? Tangu hapo nikifungua mdomo nasikia karatasi zikikunjwa. Hata sasa hivi nazisikia.

Mwezi uliopita mwenzake wa chuo, akielekea Zambia, aliniletea karatasi alizokuwa amezitunza. Ile sentensi ya kwamba sina sauti, mdogo wangu aliikata kwa mstari mmoja, bado inasomeka. Mwenzake akasema wasomi wale wa Ufaransa hukata neno hivyo na kuliacha lionekane, wakiona halitoshi na hawana jingine. Mimi nilielewa kwamba hakuficha kosa lake. Chini aliacha nafasi tupu, na kwa penseli ameandika Kiswahili: "Dada aseme mwenyewe. Nikamuulize."

Namshukuru mama mmoja wa kikundi hiki, aliyekaa kwenye meza yangu ya sokoni kila Alhamisi akichambua maharage nami, asinilazimishe neno. Nanyi mlioniwekea kiti hiki kitupu mpaka leo nilipokuja kusema, asanteni. Nilichojifunza ni kidogo: muulize mtu kabla hujamsemea. Na ukimkasirikia, msindikize kituoni hivyo hivyo.

Jumamosi niliijaza nafasi ile, kwa Kinamwanga. Mwenzake aliporudi kutoka Zambia akaniuliza nimeandika nini. Yeye lugha hiyo yetu haijui. Nikamsomea kwa sauti, mpaka mwisho.