Dorkasi Aliomba Umeme

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Makole, mlioko Msalato, na nyinyi wa mashambani mliokaa uani na redio katikati, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Dorkasi. Mzaliwa wa Gulwe, mke wa Bartolomayo muuza mitumba wa hapa Makole, mama wa watoto watatu. Alifariki mwezi uliopita nyumbani kwa mama yake mzazi. Hakufa kwa malaria. Hakufa kwa ajali. Dorkasi aliacha kula, akaacha kunywa, akafa akiwa amezungukwa na watu wanaompenda. Sikieni vizuri hapo: wanaompenda. Wangekuwa wanamchukia, kazi yangu jioni hii ingekuwa nyepesi.

Bartolomayo alikuja studio mwenyewe. Tukamwekea chai, akaongea mpaka ikapoa. "Yasemwe," alituambia. "Nimenyamaza vya kutosha."

Basi yasemwe.

Wanaomjua Dorkasi wanamjua kwa ngoma. Muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, unaibana mapajani na kuichapa kwa viganja huku mwili mzima ukienda. Dorkasi alikuwa kiongozi. Mkono wake ulikuwa mzito na ulimi wake mwepesi. Akimwona mwanamume amesimama pembeni anajifanya hatazami, alimtungia mstari papo hapo, na watu wakacheka mpaka mwenyewe akaondoka. Bartolomayo alikuwa mmoja wa hao. Wakati ule alikuwa kijana wa reli, mtengeneza njia, na akaimbiwa kwamba ana miguu migumu kama mataruma ya reli yake. Yeye hakuondoka. "Nilijua pale pale nimekwisha," anasema. "Kesho yake nikamtafuta mshenga."

Mshenga huyo ni Mzee Matonya. Lishikeni jina hilo. Kwa desturi ya nyumba ile, kazi ya mshenga haiishi siku ya harusi. Jambo lolote zito kati ya mkwe na wakwe zake linapita kinywani mwake. Na Bartolomayo, kama mkwe yeyote aliyelelewa vizuri, hakuwahi kubishana na mama mkwe wake, Bibi Emiliana. Akimwona njiani, anapisha. Ndani kwake haingii.

Ugonjwa ulikuja mara ya kwanza mwaka 1987, baada ya mtoto wa tatu. Watu walisema ni uchovu wa uzazi. Dorkasi akaacha kupika. Akaacha kuoga. Halafu akaacha kula. Mumewe alipomuuliza ana huzuni gani, alimjibu, "Ingekuwa huzuni ningelia. Ndani hamna kitu, Baba Fabian. Hata huzuni haimo." Madaktari wanauita ugonjwa huo sonona, na wake ulikuwa ule mkali.

Walimpeleka hospitali moja ya misheni, ambayo familia imeomba nisiitaje. Huko akapewa tiba ya umeme. Mtaani mnasema kupigwa shoti. Umeme kidogo unapitishwa kichwani, mgonjwa anapatwa na mtukutiko kama wa degedege, kisha anatulia. Inarudiwa kwa siku kadhaa. Mgonjwa anatakiwa alazwe usingizi kwanza kwa nusu kaputi, lakini mwaka ule dawa zilikuwa adimu kila mahali, na nusu kaputi haikuwepo. Dorkasi aliupata umeme ule akiwa macho. Mdogo wake, Lydia, ndiye aliyeombwa amshike miguu.

"Nilimshika miguu," Lydia alituambia, na sauti yake haikuwa na mchezo. "Nilisikia unavyompitia. Alijing'ata ulimi, damu ikamtoka. Alipozinduka akaniuliza mimi ni nani. Msiniambie mimi kwamba ile ni tiba."

Hayo ni ya Lydia, na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini na haya pia yalitokea. Baada ya mara chache Dorkasi aliomba ugali wa uwele na mlenda. Akaumaliza, akakomba bakuli kwa kidole, akauliza watoto wako wapi. Akarudi Makole kwa miguu yake. Msimu wa mavuno akaishika ngoma tena.

Kitu kimoja hakikurudi. Mwaka mmoja kabla ya kuugua alikuwa amepiga muheme kutwa nzima kwenye harusi ya Lydia. Ile harusi ilifutika kabisa. Lydia alilia. Dorkasi akamwambia, "Nisamehe, mdogo wangu. Harusi yako nimeisahau. Lakini njaa nimeikumbuka. Ungekuwa wewe, ungechagua lipi?"

Ikafuata miaka mizuri, ile miaka ya ruksa, kila mtu akifungua kibanda chake. Shirika la reli likapunguza watu, Bartolomayo akaachishwa kazi, akaingia kwenye mitumba. Mkewe akawa ndiye mwita wateja, anawapangia maneno kama anavyopangia ngoma. Kuna mwalimu mmoja anaapa kwamba alinunua koti la baridi kali saa sita mchana, Dodoma, mwezi wa kumi, kwa sababu ya mdomo wa Dorkasi tu.

Mwaka huu ugonjwa ukarudi. Wa kwanza kuujua alikuwa Dorkasi mwenyewe. Walikuwa wanafunga robota la mitumba jioni, akaacha kamba. "Baba Fabian, kinakuja tena. Nikifika mahali pa kutosema, nipeleke kwenye umeme. Usimngoje mtu."

"Huogopi?" akamuuliza.

"Naogopa sana. Nipeleke hivyo hivyo."

Wasikilizaji wapendwa, nayarudia maneno hayo kwa sababu ndiyo kipindi chote cha leo. Dorkasi aliomba umeme. Aliomba kwa kinywa chake, akili yake ikiwa timamu, na alimwomba mumewe.

Bartolomayo akasafiri kwenda Dar es Salaam kuleta mzigo. Huku nyuma mkewe akazidiwa ghafla, na kaka yake, Jordan, akaja kumchukua na kumpeleka Gulwe, kwa sababu binti akizidiwa anauguzwa na mama yake. Hakuna ubaya hapo. Bartolomayo aliporudi akakuta kitanda kitupu. Mkewe alikuwa amelazwa katika chumba cha Bibi Emiliana, na chumba hicho mkwe haruhusiwi hata kuchungulia.

Akaenda kwanza hospitali ileile. Daktari akamwambia sasa nusu kaputi ipo, mgonjwa atalala, hatasikia kitu. "Sikufichi, kuna mambo anaweza kuyasahau tena," daktari alisema. "Lakini mtu asiyekunywa hata maji hana muda wa kungoja vidonge vifanye kazi. Mlete upesi, na ndugu zake wakubali."

Akapanda treni mpaka Gulwe. Ukoo ukaitisha kikao Jumapili. Ndani walikaa Bibi Emiliana, Jordan, Lydia na wazee wawili. Nje, kwenye benchi kando ya mlango, alikaa Bartolomayo. Kabla Mzee Matonya hajaingia, Bartolomayo alimshika mkono. "Mzee, mwambie mama hivi: Dorkasi mwenyewe aliuomba umeme. Alinituma. Usiongeze, usipunguze."

Matonya akaingia. Bartolomayo akategea sikio. Na hivi ndivyo alivyomsikia mshenga wake akisema: "Mkwe wenu anawasalimu sana. Anawaheshimu. Anaona kwamba, kama itawapendeza, labda mngelitazama suala la hospitali. Ila mtoto ni wenu."

Basi. Hayo ndiyo yaliyofika.

Jordan akaruka. Jordan ameiona tiba ya umeme kwenye kibanda cha video mjini, filamu ya watu wa Ulaya huko, mtu amefungwa mikanda anatoa mapovu. Kwa hiyo ni mtaalamu. "Amemchoka huyo," alisema. "Anataka wamkaange dada yangu ubongo, yeye apate sababu ya kuoa mwingine." Lydia akasema alichokiona kwa macho yake, akalia, na wote wakalia naye. Bibi Emiliana akafunga kikao: "Mwanangu haendi tena kwenye moto ule. Nitamlisha mwenyewe."

Bartolomayo alisikia kila neno. "Niliinuka," alituambia. "Nikazitazama kandambili za mama mkwe pale mlangoni. Nikakaa."

Tulimfuata Mzee Matonya tukamuuliza. Hakukasirika. "Maneno makali hayapelekwi ukweni," alisema. "Ningemwambiaje mama mtu kwamba mwanawe amemficha siri, akamwambia mume? Ni kumtukana. Mimi kazi yangu ni kulainisha, na sijawahi kulaumiwa."

Sasa nimekulaumu mimi, mzee wangu. Ukitaka, nitafute.

Bibi Emiliana alitimiza ahadi yake. Alikoroga uji mwepesi, akampa mwanawe kwa kijiko, uji ukarudi shavuni. Akafuta, akampa tena. Aliimba zile nyimbo za kumbembelezea mtoto. Dorkasi alikufa Alhamisi asubuhi, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mama yake, na mumewe akiwa nje.

Siku ya kumaliza matanga, Bartolomayo akamweleza Lydia maneno ya jioni ile ya robota. Lydia akaliweka chini sufuria alilokuwa akiosha, akaingia kwa mama yake. Baada ya kitambo akatoka Mzee Matonya, kofia mkononi. "Mama anauliza," akasema, "kwa nini mkwe wake hakumwambia kwamba ni maneno ya Dorkasi."

Hata hilo alitumwa mshenga.

Bartolomayo akampita. Akaingia ndani ya nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu aoe, akasimama mbele ya mama mkwe wake. "Nilikwambia, mama," akasema. "Nilimtuma mtu."

Bibi Emiliana akajifunika uso kwa khanga, kama desturi inavyomtaka. Kutoka ndani ya ile khanga akasema, "Ningejua ni maneno yake, ningembeba mgongoni mpaka stesheni."

Lydia bado hajaupenda umeme ule, na ameomba tuliseme hilo. "Lakini ulikuwa wa dada kuukataa," alisema. "Haukuwa wangu."

Kwako Bartolomayo, kwa Fabian na wadogo zake, kwa Bibi Emiliana, kwa Lydia na Jordan, na kwa ukoo wote wa Gulwe, studio nzima tunawapa pole. Mungu amlaze Dorkasi mahali pema. Nawe Mzee Matonya, pole, ingawa imenitoka kwa shida.

Madaktari wataendelea kubishana kuhusu umeme, nasi tutabishana. Na tubishane. Ni jambo zito, wapo wanaoogopa kwa haki na wapo waliopona kwa haki. Lakini pale Gulwe walizungumza wote, mgonjwa yuko chumba cha pili, mlango uko wazi, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kukaa kitandani pake na kumwambia, Dorkasi, unataka nini, kama huwezi kusema nibane kidole. Walimpenda kiasi cha kumwamulia kila kitu.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisikiliza. Kama nyumbani mwako yuko mtu aliyeacha kula na kusema, usiningoje nimalize. Zima redio. Nenda kamuulize.