Mwenye Dume Ndiye Huchagua: Maisha ya Floribert Umba Nkulu, 1947–1999

Ndugu, majirani, wafanyakazi wa reli, na ninyi wawindaji mliofika na vumbi la barabara ya Kasenga miguuni: tunayemzika leo Jumamosi ni Floribert Umba Nkulu. Familia inawashukuru kwa kuja. Wale waliokuja na jicho moja kwenye jeneza na jingine kwenye banda la mbwa, tumewaona tangu asubuhi. Jibu lenu limo humu, mvumilie mpaka mwisho.

Floribert alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 huko Bukama, mtoto wa pili wa mzee Nkulu Banza, aliyekuwa akitengeneza njia ya reli, na mama Ngoie Kalumba, mkulima wa mihogo. Nguruwe pori waliila ile mihogo kila mwaka kabla ya wenyewe, na chuki ya Floribert kwa mnyama yule ilianzia hapo, kwenye tumbo tupu. Baba yake alifuga mbwa wawili. Mmoja alikuwa mrefu, mwenye manyoya ya kung'aa, wa kuonyesha wageni. Mwingine alikuwa mdogo na sikio moja limechanika. Siku nguruwe alipogeuka porini, yule wa kung'aa alirudi nyumbani peke yake, akamkuta mama jikoni, akajilaza kana kwamba hakuna lililotokea. Yule mdogo alibaki na baba mpaka mwisho. Floribert alikisimulia kisa hicho miaka yote, tukapenda au tusipende.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri wa hapo Bukama. Vurugu za mwaka 1960 zilifunga masomo, na familia ikamfuata baba kando ya reli, kwanza Kamina, kisha mji huu mwaka 1962. Alimaliza miaka mitatu ya ufundi, na mwezi wa Septemba 1967 akaingia karakana ya reli kama fundi wa vyuma. Meza ya pili kutoka kwake alikaa fundi wa breki, mtu wa Kasai, mcheshi asiyejua kunyamaza, jina lake Anaclet Ntumba. Miaka ile majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku na kila mtu akaitwa kwa jina la mababu tu, Anaclet aliendelea kumwita Flori nyuma ya mashine, na Flori akamwita Anaclet. Ndivyo walivyokuwa marafiki.

Tarehe 7 Julai 1973 alifunga ndoa na mama Émerance Kabamba katika parokia ya Kampemba. Mama yuko hapa mbele yetu. Anasema posa yake ilikuja na paja la nguruwe lililokaushwa, na kwamba mjomba wake alilila kabla ya kusikia jina la mwoaji. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza binti, Brigitte.

Wengi wenu hamkumjua Floribert kwa vyuma bali kwa mbwa. Yeye na Anaclet walianza mwaka 1976, kila Jumapili baada ya misa, kwenda mashamba ya nje ya Ruashi ambako wakulima walikuwa wakilia machozi. Walitumia mikuki na mbwa, na sifa yao ilitokana na jinsi walivyochagua mbegu. Floribert hakuangalia urefu wala rangi. Mbwa wake hakuzalishwa mpaka awe amekatwa na meno ya nguruwe, akapona, na akaenda tena kwa hiari yake. Alitaka mbwa anayefuata harufu kimya, akabweka pale tu nguruwe aliposimamishwa. Mbwa mwenye pupa ya kujiua hakumtaka, wala mwenye kugombana na wenzake juu ya nyama. Aliyemchukia kuliko wote ni mbwa wa kelele, anayebwekea mbali, anayebwekea harufu ya jana. Huyo alimpa mtu wa kulinda duka.

Floribert alikuwa na jike na Anaclet alikuwa na dume aliyeitwa Ministre, kwa sababu alilala wiki nzima na kufanya kazi siku moja. Desturi yao ilikuwa ileile ya wawindaji wote wa huku: jike akizaa, mwenye dume huchagua wa kwanza. Huja mwenyewe, huwainua watoto mmoja mmoja, huwarudisha, huwainua tena, na hakuna anayeruhusiwa kumsemea. Anaclet alilifanya jambo hilo kuwa sherehe. Alichukua mchana kutwa, chupa ya lutuku, pombe kali ya kienyeji, kando yake, na Floribert alikaa akijing'ata midomo. Léa, mke wa Anaclet, alikuwa akisema kwamba mume wake hakumchagua yeye kwa makini namna hiyo.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilitaka paachwe. Floribert mwenyewe alikataa. Siku chache kabla ya kufa alisema pasomwe au asisomewe chochote.

Mwaka 1991 mji uliporwa, mishahara ikawa kitu cha kusimuliwa. Mwaka uliofuata ukaanza ule wazimu wa kuwafukuza watu wa Kasai, watu tuliosali nao, tuliozaliwa nao hospitali moja. Vijana walipita barabarani Kampemba wakiimba matusi. Jumapili moja Floribert na Anaclet walikuwa uani wakichuna nguruwe, vijana wakapita tena, na Anaclet akaweka kisu chini. Shemeji yake alikuwa na lori linaloondoka siku hiyohiyo, na nafasi ilikuwepo.

"Flori, tutoke?" alimwuliza. "Léa halalake tena. Anasema tutoke leo, camion iko."

Floribert hakuinua hata macho. "Mutaenda wapi? Bale banabwekea mbali. Wa kuluma ananyamazaka. Bakia, mon vieux."

Anaclet alimwamini: mbwa wa kelele hang'ati. Miaka kumi na sita alikuwa amemwona mtu huyu akimtazama mbwa mara moja na kusema huyu ndiye, huyu siye, na hakukosea. Akaokota kisu, wakamalizia nyama. Lori likaondoka na nafasi yake tupu.

Jumatano vijana walikuja bila kuimba. Mama Émerance, aliyekuwa mlangoni, anasema hakusikia hata kikohozi. Waliingia kwa Anaclet kimya, na nyumba ilipoanza kuungua ndipo sauti zikatoka. Floribert alikuwa karakanani. Alipofika alikuta mabati na moshi, na Ministre amejificha chini ya pipa la maji. Anaclet, Léa na watoto wao wawili walikuwa wamekimbilia gare, stesheni ya reli, kwenye halaiki ya watu waliolala juu ya vifurushi wakisubiri gari moshi lisilojulikana siku. Floribert aliwaomba waje kwake. Anaclet alikataa, kwa sababu nyumba iliyoficha mtu nayo ilichomwa, na Floribert alikuwa na watoto.

Léa alikuwa mjamzito. Kuhara kulikoua wengi pale gare kulimpata naye, na akafa pamoja na alichobeba. Floribert alimpakia kwenye mkokoteni, akamleta hapa makaburini. Anaclet alibaki nyuma kidogo kuwatafutia watoto maji ya njiani. Ndipo gari moshi likaja, na aliyelikosa hakujua kama lingekuja jingine. Floribert aliporudi, udongo ungali mikononi, alikuta gare imebaki matambara. Mlinzi mmoja alimpa maneno aliyoachiwa: "Chunga Ministre." Basi.

Alimchunga. Ministre alimzalishia jike mara mbili kabla ya kufa kwa uzee, na kila mara mtoto wa kwanza alitengwa. Floribert alimchagua kwa niaba ya Anaclet, akamfundisha, akamthibitisha porini, na hakumuuza. Hata Ministre alipokufa aliendelea, kwa binti za mbwa huyo, akisema damu haijabadilisha mwenye mbwa. Ilifika wakati mbwa watatu wa Anaclet walikuwa wakila uani, katika miaka ambayo sisi wenyewe tulikula mara moja, au hatukula. Mama Émerance aliwahi kusimama juu ya sahani ya mbwa akapiga kelele mtaa ukasikia:

"Papa Brigitte! Batoto banalala njala, na mbwa ya muntu asiko hapa anakula bukari!"

"Ile bukari iko ya Anaclet," alijibu.

Mama alichukua ile sahani ya ugali akawapa watoto. Floribert akawapa mbwa sahani yake. Waliishi hivyo wiki nyingi bila kusemezana, na mama ameturuhusu tuliseme.

Kila gari moshi lililopanda kuelekea Kasai lilibeba ujumbe wake mdomoni mwa Léonard, mwenzake wa karakana aliyehamishiwa safarini: kuna mbwa wako hapa, nimekuchagulia mzuri, nikutumie kwa njia gani? Léonard alimtafuta Anaclet huko Kasai, katika mji wa Mwene-Ditu, na akampata, anauza chumvi sokoni. Alimpa ujumbe. Anaclet alisikiliza, akageukia wateja wake. Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Floribert alidhani tatizo ni mbwa. Akawa mkali zaidi katika kuchagua, akawakataa waliokuwa bora kabisa, na wawindaji wenzake wakasema mzee anaharibikiwa.

Mwaka 1996 nguruwe alimpasua mguu wa kushoto chini ya goti. Kidonda kilifunga, kikafunguka, kikafunga tena. Baadaye ikaonekana ana sukari. Vita vya 1997 vilipita, vingine vikaja 1998, dawa zikawa za kutafutwa kwa wachuuzi, na mguu ukawa mweusi. Daktari alisema ukatwe. Floribert aliuliza kama mtu wa mguu mmoja anaweza kufika Mwene-Ditu, na alipoambiwa kwa magari moshi ya siku hizi hata wa miwili hafiki, alikataa kukatwa. Hilo lilikuwa kosa jingine, na tulimwambia.

Mwezi wa Juni mwaka huu mjukuu wa Ministre alizaa watoto sita. Mwezi wa Agosti Léonard alirudi kutoka safarini, akaja moja kwa moja na mfuko wake begani, akaketi kitandani. Kwa mara ya kwanza alikuwa na jibu. Alilitoa kama alivyopewa:

"Anasema: Flori asinichagulie tena. Alishanichagulia mara moja. Mwenye dume njo anachaguaka. Nitakuya, nitaona kwanza pale Léa iko, kisha nitachagua miye mwenyewe."

Floribert alilia kwa sauti, na hatukuwahi kumsikia akilia, hata siku ya mkokoteni. Alilia kwa sababu alikuwa ameelewa. Miaka saba alikuwa akimtumia rafiki yake kitu kilekile kilichomuua Léa, yaani jicho lake, uamuzi wake, neno lake "huyu ndiye". Hakuna mbwa ambaye angetosha, kwa kuwa ni yeye aliyemchagua.

Kuanzia siku hiyo aliamuru asitoke hata mtoto mmoja, awe wa kuuzwa au wa zawadi. Tena aliomba kitanda kigeuzwe. Banda lilionekana dirishani, na watoto walikuwa wameanza kucheza, kusukumana, kufuata vitu. Alisema jicho lake litachagua lenyewe hata akilikataza. Basi tukakigeuza, na mtu aliyejulikana kutoka hapa mpaka Kasenga kwa kutazama mbwa alimaliza maisha yake akitazama ukuta. Brigitte, binti yake, alipokuja kumwambia kwamba mmoja wao ameshaanza kufuata harufu kimya, alimfokea anyamaze, kisha akamwomba radhi.

Alifariki nyumbani Kampemba alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Septemba 1999, baada ya kupokea mpako wa wagonjwa.

Ameacha mjane, mama Émerance, watoto watatu, Brigitte, Désiré na Damien, wajukuu, dada yake Bwalya huko Bukama, na mbwa, ambao nao tunawataja kwa sababu yeye angewataja. Wawindaji, hili ndilo jibu lenu: wale sita hawauzwi. Kuleni bukari, mtuage vizuri, mwende.

Léonard, karatasi hii moja ni ya kwako, uibebe. Anaclet, utakapofika, ingia kwa lango la reli. Kaburi la Léa ni la pili kutoka ukutani, lina msalaba wa chuma ambao Flori aliufua karakanani kwa mkono wake. Yeye tunamlaza mbali kidogo, upande wa chini, kama alivyoomba, ili umwone Léa kwanza na yeye usimwone usipotaka. Kisha uje nyumbani. Watoto hatujawapa majina, na hakuna aliyewainua. Mama Émerance atakuwekea kiti uani, na hatutasema neno.

Mungu ampokee Floribert Umba Nkulu, amlaze mahali ambapo hakuna atakayemwomba ushauri, na hapo apumzike.