Mzee Pumueni na Picha ya Pili

Marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Pumueni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa wa pili kati ya watoto watano wa baba fundi mitambo na mama muuza maziwa. Mama yetu alikuwa akisema mtoto huyu hakulia mara moja alipozaliwa. Aliangaza macho kwanza, akaona watu walivyokaa, ndipo akalia.

Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1959 hadi 1966. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Walimu walilalamika kwamba anatazama watu kuliko ubao.

Mwaka 1968 alikwenda kujifunza kazi kwenye studio ya picha ya mjomba, chumba kimoja chenye pazia la bluu, kiti cha mbao na taa mbili. Mjomba alikuwa na sheria yake: mteja akae wima, kidevu juu, kisha aambiwe, "Usipumue." Marehemu aliishika kazi hiyo barabara, hata watu wakashindwa kutofautisha picha zake na za mjomba. Akadhani hiyo ni sifa. Mjomba akamwambia, "Mkono wako safi, mpwa wangu. Ila hizi ni picha zangu, wewe umenibonyezea tu. Zako ziko wapi?" Swali hilo lilimkaa rohoni miaka mingi.

Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na fundi cherehani wa duka la pili kutoka studio, aliyekuwa amekuja kupiga picha ya pasipoti. Binti alipoonyeshwa picha ile alisema, "Kaka, huyu ni mimi au ni mshtakiwa?" Marehemu akairudia, na kila akirudia, mshtakiwa ni yuleyule. Sisi wadogo zake tunaamini mara nyingine alikosea makusudi, ili binti arudi.

Mjomba alipostaafu mwaka 1979 alimwachia studio, na hapo ndipo marehemu alipokata tamaa. Alibadili pazia, akainamisha kamera, akawashikisha wateja maua. Bado picha zilikuwa za mjomba. Akamwambia mkewe kwamba anafunga, anakwenda kuomba kazi karakana. Mkewe akamjibu, "Funga, baba. Lakini kwanza uwamalize uliowaahidi."

Wa mwisho walikuwa familia ya mwokaji mikate, waliokaa wakakauka kama mbao. Marehemu akapiga, akasogeza filamu kwa mazoea, akasema, "Haya, pumueni, tumemaliza." Mwokaji akalegeza tai, bibi akavua kiatu kilichombana, watoto wakamwangukia mama yao kwa kicheko. Kidole cha marehemu kikabonyeza bila kutumwa.

Aliisafisha picha hiyo akikusudia kuitupa. Mwokaji alipofika akaiona inaning'inia kwenye kamba, ikikauka. "Hiyo ya kiatu ndiyo mama yangu," akasema. "Ile nyingine sijui mama wa nani." Marehemu akaipeleka picha hiyo kwa mjomba. Mzee akaisogeza dirishani, akaitazama sana, akasema, "Hii si yangu." Mkewe anasimulia kwamba marehemu alirudi, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la saruji.

Studio haikufungwa. Tangu hapo, picha ya kwanza ya kila mteja aliipiga kwa heshima, kisha akasema, "Haya, pumueni," na kupiga yake. Wajanja walioshtukia wakawa hawapumui hata wakiambiwa. Hao aliwapigisha soga mpaka wakajisahau. Kuta za nyumba zenu ni mashahidi.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na kifua. Miezi ya mwisho alilala ameketi, nasi tukihesabu pumzi zake pamoja naye. Yeye mwenyewe hakuwahi kupata picha nzuri. Mbele ya kamera alikauka kuliko mteja yeyote. Mwezi Mei mwaka huu mkewe aliichukua kamera, akapiga, akasema, "Haya, baba, pumua, tumemaliza." Marehemu alijua kabisa anachofanyiwa, akacheka, na bado akanaswa. Ndiyo hiyo mnayoiona kwenye jalada la kijitabu mlichoshika. Alipoletewa alisema, "Hii ni ya mama watoto. Ana mkono wake huyu."

Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, asubuhi, kifua kikiwa kimetulia. Tumelia, lakini hatutaficha kwamba mioyo yetu imepoa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, kaka mmoja na wadogo wawili.

Haya, kaka, pumua. Tumemaliza. Pumzika kwa amani.